Upana wa Futi Saba: Mashua Nyembamba katika Mifereji ya Uingereza

Majira ya machipuko yanapoingia Uingereza, kati ya mwisho wa Machi na Mei, mifereji ya katikati ya nchi hiyo hujaa mashua ndefu zilizopakwa rangi kali, ambazo abiria wake hawana haraka ya kufika popote. Huitwa mashua nyembamba, nazo zinastahili jina hilo, kwa kuwa urefu wake unaweza kufikia mita 21 hali upana wake hauzidi futi 7, yaani mita 2.1 hivi, na mwendo wa juu unaoruhusiwa ni kama kilomita 6 na nusu kwa saa, ambao mtu mwenye miguu mizuri anaweza kuufuata akitembea ukingoni. Utulivu huo huwafanya wengi wadhani kwamba mifereji ilichimbwa kwa ajili ya matembezi, au kwamba ni vijito vya asili vilivyotunzwa vizuri, ilhali maji hayo yaliletwa pale kwa ajili ya makaa ya mawe, chokaa, chuma, nafaka na vyombo vya udongo, na hakuna mwanahisa hata mmoja wa karne ya 18 aliyetoa fedha zake ili watu wapumzike. Kipimo cha futi 7 kiliamuliwa katika miaka ya 1760 kwa sababu za kubana fedha na kubana maji. Kipimo hicho ndicho kilichoidhoofisha mifereji kibiashara, na ndicho hichohicho kilichoifanya ibaki ilivyokuwa, hadi ikafaa kwa kazi ambayo waasisi wake hawakuiwazia.

Mfereji uliowafungua macho wenye mitaji ulikuwa mpana kuliko mingi iliyoufuata. Uligharimiwa na Francis Egerton, Duke wa tatu wa Bridgewater, kabaila kijana aliyerithi machimbo ya makaa ya mawe huko Worsley, yapata kilomita 10 magharibi ya Manchester, mji ambao viwanda vyake vya nguo vilikuwa vikianza kukua. Makaa yalipelekwa mjini migongoni mwa farasi, kwa njia za matope na kwa gharama kubwa, na machimbo yenyewe yalisumbuliwa na maji yaliyofurika chini ya ardhi. Duke, ambaye katika safari zake za ujanani barani Ulaya alikuwa ameuona mfereji mkubwa wa kusini mwa Ufaransa uliokamilika mwaka 1681, alipata kibali cha Bunge mwaka 1759, na akishirikiana na wakala wake John Gilbert na fundi wa vinu James Brindley, akaifanya taabu moja iwe dawa ya nyingine: maji yaliyokuwa yakiwasumbua wachimbaji yakaelekezwa mferejini, na mfereji ukayabeba makaa. Brindley alikuwa mtu aliyesoma na kuandika kwa shida, na inasimuliwa kwamba alipokabiliwa na tatizo gumu alijilaza kitandani hata siku mbili tatu mpaka alipolitatua kichwani. Mahali pagumu kuliko pote palikuwa Barton, ambapo mfereji ulipaswa kuuvuka Mto Irwell, naye akaupitisha juu ya daraja la mawe lililobeba maji, kiasi kwamba tangu mwaka 1761 watu walienda kushangaa mashua zikipita juu ya mashua nyingine. Bei ya makaa mjini Manchester ilishuka kwa karibu nusu, na habari ya kushuka huko ilienea haraka kuliko hoja yoyote ya kihandisi.

Ilikuwa rahisi kuelewa kwa nini. Farasi aliyebebeshwa mzigo mgongoni hakuweza kuchukua zaidi ya kilo mia moja na kitu, na akifungwa kwenye mkokoteni juu ya barabara njema alivuta tani mbili hivi, lakini farasi yuleyule, akiikokota mashua juu ya maji yaliyotulia, alivuta tani 25 na zaidi bila kutokwa jasho jingi. Kwa wafinyanzi wa Staffordshire faida ilikuwa maradufu, kwa kuwa mizigo yao ilikuwa mizito ikiingia na dhaifu ikitoka. Josiah Wedgwood, mfinyanzi maarufu kuliko wote, alipata udongo mweupe uliosafirishwa kwa bahari kutoka kusini-magharibi mwa nchi, na sahani zake zilizomalizika zilipita kwenye barabara za mashimo ambako nyingi zilivunjika kabla ya kufika bandarini. Ndiye aliyekuwa mstari wa mbele kutafuta sheria ya kuchimba mfereji wa kuiunganisha mito ya Trent na Mersey, na sheria hiyo ilipopita mwaka 1766 ndiye aliyelima jembe la kwanza. Mfereji huo wa kilomita 150 uliufungulia udongo wa Staffordshire njia ya kufikia Liverpool na kutoka hapo dunia nzima. Vigae vya vyombo vya Ulaya vya karne ya 19, vinavyookotwa na wanaakiolojia katika makazi ya kale ya Unguja, ni mabaki ya biashara hiyo pana ya vyombo vya viwandani.

Katikati ya njia ya mfereji huo kilisimama kilima cha Harecastle, na hapo ndipo kipimo kilipozaliwa. Brindley aliamua kupenya chini yake kwa handaki la zaidi ya kilomita 2.6, kazi ambayo haikuwa imewahi kujaribiwa kwa urefu huo nchini Uingereza, na kila sentimita ya upana iliongeza gharama ya kuchimba, kujengea matofali na kupampu maji yaliyovuja. Handaki lilipunguzwa hadi likawa halina hata nafasi ya farasi, ambaye ilimbidi afunguliwe na kupitishwa juu ya kilima, huku mashua ikisukumwa na watu wawili waliolala chali juu ya mbao zilizotokeza kila upande, wakizikanyaga kuta hatua kwa hatua gizani, kazi iliyoweza kuchukua saa tatu. Brindley alifariki mwaka 1772, miaka mitano kabla ya handaki kufunguliwa. Mashua zikawa nyembamba ili zipite handakini, na loki nazo zikajengwa kwa kadiri ya mashua, takriban mita 22 kwa urefu na mita 2.1 kwa upana.

Loki ni chumba cha mawe au matofali kilichojengwa mahali ambapo mfereji unapanda au kushuka, chenye milango kila mwisho, na ufanyaji kazi wake ni rahisi kiasi kwamba mtalii wa leo hufundishwa kwa robo saa. Mashua inayopanda huingia kutoka chini, milango ya nyuma hufungwa, kisha mtu hukipachika kiwiko cha chuma kwenye jino la mtambo ulio ukingoni na kukizungusha, ili kuinua kilango kidogo kilichozama kinachoruhusu maji ya juu kuingia. Chumba hujaa, mashua huinuka pamoja na maji, na pale viwango vinapolingana mlango mzito wa juu, ambao kabla ya hapo watu kumi wasingeweza kuutikisa, hufunguka kwa kusukumwa kwa makalio kwenye boriti yake. Hakuna injini wala pampu, ni uzito wa maji tu. Hata hivyo kila mashua inapopita hushusha maji ya chumba kizima, zaidi ya lita 100,000 katika loki nyembamba, na mashua inayouvuka mgongo wa nchi huchukua chumba kimoja kila upande wa kilele. Maji ya kileleni hayajirudishi yenyewe, hulazimu kuletwa kutoka mabwawa yaliyojengwa kwa gharama kubwa, nayo loki yenye upana wa mara mbili ingehitaji maji mara mbili. Brindley alikuwa akiutazama mfuko wa wanahisa na kina cha mabwawa kwa pamoja, na kwa hesabu za mwaka 1766 hakukosea.

Kampuni zilizofuata zilitaka mashua zao ziingie kwenye mfereji wa Trent na Mersey, kwa hiyo zikaiga kipimo chake: ule wa Staffordshire na Worcestershire uliofunguliwa 1772, ule wa Coventry, ule wa Oxford uliofika mji huo mwaka 1790. Ndivyo kipimo kinavyojifungia chenyewe, kwani kila kampuni inayokikubali humfanya anayefuata ashindwe kukikataa. Baadhi ya mifereji ya baadaye, kama ule uliojengwa kati ya Braunston na mto Thames na kukamilika mwaka 1805, ilikuwa na loki pana za kutosha kuingiza mashua mbili nyembamba ubavu kwa ubavu, lakini mashua iliyotaka kuendelea hadi Birmingham ilibidi bado iwe na upana wa futi 7.

Ubahili huohuo ulichora pia sura ya nchi inayosifiwa leo. Mhandisi aliyeogopa gharama ya kukata vilima na kujaza mabonde alifuata mstari wa kimo kimoja, akiuzungusha mfereji kwenye mikunjo ya ardhi kama mshono unaofuata ukingo wa nguo, na kando ya kijiji cha Wormleighton mfereji wa Oxford hukizunguka kilima karibu pande tatu. Katika sehemu ya kaskazini ya mfereji huo, ambako ushindani ulikuwa mkali, mizunguko ilinyooshwa kati ya 1829 na 1834 na njia ikafupishwa kwa zaidi ya kilomita 20. Sehemu ya kusini, ambayo mizigo mingi ilikuwa imeshahamia njia nyingine, haikupata fedha za kunyooshwa, na sasa ni miongoni mwa njia zinazopendwa zaidi na watalii. Hata ua wa miiba unaofuata njia ya farasi kwa maelfu ya kilomita, na unaochanua maua meupe mwezi Mei hadi kingo zote zikaonekana kama zimenyunyiziwa unga, si pambo lililobuniwa. Kampuni zilitakiwa kuzitenga ardhi zao na mashamba ya jirani ili mifugo isitumbukie majini, na kichaka cha miiba kilikuwa uzio wa bei nafuu kuliko ukuta. Bata wanaoongoza vifaranga vyao chini ya vichaka hivyo, na ndege wakubwa weupe wenye shingo ndefu wanaotamia kwenye matete, wamejipatia makazi katika mpaka wa kisheria.

Uchimbaji wenyewe ulifanywa kwa sululu, beleshi na toroli na vibarua waliohama kutoka kazi hadi kazi, na sakafu ya mfereji ilizibwa kwa udongo wa mfinyanzi uliolowanishwa na kukanyagwakanyagwa hadi ukashikamana na kuacha kuvujisha. Katika miaka ya mwanzo ya 1790 faida za kampuni za kwanza ziliwatia watu wazimu, hisa zikanunuliwa hotelini na kuuzwa kwa bei ya juu siku ileile, na mifereji kadhaa ikaidhinishwa katika maeneo ambayo hayakuwa na mzigo wa kusafirisha. Vita na Ufaransa na uhaba wa mitaji vilipoza homa hiyo. Kampuni zilizokuwa na mizigo ziliendelea kugawa faida nono kwa miaka mingi, na zile nyingine zilibaki na madeni na mitaro yenye majani.

Reli ya kutoka Liverpool hadi Manchester ilifunguliwa mwaka 1830, na ndani ya miaka 20 sehemu kubwa ya mifereji ilikuwa imenunuliwa na kampuni za reli au imelazimika kushusha ushuru wake ili kushindana nazo. Aliyeibeba hasara hiyo hakuwa mwanahisa peke yake. Malipo ya mwenye mashua yaliposhuka, wengi waliacha kupanga nyumba nchi kavu na kumleta mke na watoto majini, wafanye kazi ya vibarua bila mshahara, na chumba kilichokuwa malazi ya wanaume wawili kikawa nyumba ya familia. Chumba hicho kilikuwa nyuma, tezini, na urefu wake haukufika mita 3. Mlangoni, upande wa kushoto, kulikuwa na jiko la makaa, na baada yake kabati ambalo mlango wake uliteremshwa kwa bawaba ukawa meza. Upande wa pili kulikuwa na benchi lililokuwa kitanda cha watoto, na mwishoni kabati jingine ambalo mlango wake uliangushwa kukatiza upana wote wa mashua ukawa kitanda cha wazazi, kikakunjwa tena alfajiri kabla farasi hajafungwa. Pembe zote zilipakwa maua ya waridi na picha za ngome zenye minara kandokando ya ziwa, mtindo uliostawi katika nusu ya pili ya karne ya 19 na ambao asili yake bado inabishaniwa na wataalamu, na kuta zilipambwa kwa lesi na sahani zenye matundu ukingoni. Ni vigumu kutoona ndani ya mapambo hayo juhudi ya mama wa nyumba aliyenyimwa nyumba.

Wakazi wa nchi kavu waliona mengine. George Smith wa Coalville, mtetezi wa watoto aliyekuwa amekwisha kupigania watoto wa viwanda vya matofali, aliandika kwa ukali kuhusu msongamano, uchafu na ujinga wa kutojua kusoma aliodai kuukuta mashuani, na kampeni yake ilizaa sheria za mwaka 1877 na 1884, zilizotaka kila mashua ya kulala iandikishwe, idadi ya walalaji ipangwe kwa ukubwa wa chumba, na wakaguzi waruhusiwe kuingia. Smith alitia chumvi, kama watetezi wengi, na picha yake ya watu walevi na wakatili iliwadhuru waliokuwa wakipiga deki sakafu na kung'arisha shaba kila siku. Lakini kuhusu shule alisema kweli, kwa sababu mtoto ambaye nyumba yao ilihama kila kukicha hakuweza kukaa darasa moja zaidi ya siku mbili tatu.

Wakati huohuo, ng'ambo ya bahari, Wafaransa walikuwa wakifanya kile ambacho Waingereza waliahirisha. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 1879 iliweka kipimo cha kitaifa kwa loki za njia kuu, mita 38.5 kwa 5.2, zilizopitisha mashua ya tani 300, na serikali ikagharimia upanuzi. Nchini Uingereza Tume ya Kifalme iliyoteuliwa mwaka 1906 ilichunguza kwa miaka kadhaa na kupendekeza kwamba njia nne zinazoanzia Birmingham kuelekea Thames, Severn, Mersey na Humber zipanuliwe na kuwekwa chini ya umma, na mapendekezo yake yakaishia kabatini. Jaribio moja la kweli lilifanyika mwaka 1934, pale kampuni ya Grand Union ilipokamilisha loki mpya pana kati ya Braunston na Birmingham, ikiwemo ngazi ya loki 21 za Hatton, kwa msaada wa serikali iliyotaka kupunguza ukosefu wa ajira. Loki zilikuwa pana, lakini madaraja, kina na mahandaki hayakurekebishwa kwa kiwango hicho njia nzima, na waliopita humo waliendelea kuwa jozi za mashua nyembamba, moja yenye injini ya dizeli ikiikokota nyingine isiyo na injini. Mfereji ulipanuliwa, biashara ikabaki na upana wake wa zamani.

Vita Kuu ya Pili iliwapeleka mashuani wanawake vijana wachache wa tabaka la kati, waliofunzwa kuendesha jozi hizo kati ya London na Birmingham, wakipeleka chuma na kurudi na makaa ya mawe ya machimbo ya Coventry, na vitabu walivyoandika baadaye ni miongoni mwa maelezo bora ya kazi hiyo. Hata hivyo kitabu kilichobadilisha mwelekeo kilitoka kwa mtu aliyekwenda majini kwa hiari. L. T. C. Rolt, mhandisi, aliinunua mashua kuukuu ya mizigo iitwayo Cressy, akaigeuza makazi katika karakana moja ya Banbury, akaweka hata bafu na rafu za vitabu, na mwezi Julai 1939 akaanza safari na mkewe. Kitabu chake Narrow Boat, kilichotoka mwishoni mwa 1944, kiliwafikia wasomaji waliochoshwa na vita na mgawo wa chakula, kikawaonyesha nchi ya polepole ambayo hawakujua kwamba ilikuwapo nyuma ya maghala yao. Mmoja wa wasomaji hao, Robert Aickman, alimwandikia, wakakutana Tardebigge mwaka 1945, na mwaka uliofuata wakaanzisha Chama cha Njia za Maji za Ndani ili kuzuia mifereji isifungwe.

Safari iliyokipa chama hicho jina ilifanyika katika machipuko ya mwaka 1947, na ilikuwa ya umbali mdogo sana. Huko Lifford Lane, kusini mwa Birmingham, daraja la kuinuka lililokuwa juu ya mfereji wa Stratford lilikuwa limeharibika, na kampuni ya reli iliyoumiliki mfereji huo ilikuwa imeweka mahali pake daraja la chuma la chini, lisiloinuka, ambalo hakuna mashua iliyoweza kupita chini yake. Kisheria mfereji ulikuwa bado wazi kwa yeyote aliyelipa ushuru. Swali lilipoulizwa katika Baraza la Malordi, jibu lilikuwa kwamba daraja litainuliwa wakati wowote ikitolewa taarifa kwamba mashua inakusudia kupita, jibu ambalo bila shaka lilitolewa kwa imani kwamba hakuna atakayekusudia. Rolt akatoa taarifa. Mwezi Mei, Cressy ikajiburuta juu ya tope na takataka za miaka mingi hadi darajani, ikakuta kikosi cha mafundi wa reli wakiliinua daraja zima kwa jeki, waandishi wa habari wakiwa wamejipanga ukingoni, na ikapita. Mashua nyingine za wanachama zilifuata nyayo hizo, na kila mara jeki zililazimika kurudi. Ilikuwa hoja ya kisheria iliyotolewa kwa mwendo wa konokono: haki ya kupita huishi maadamu kuna mtu anayeitumia, na mtu huyo si lazima awe na shehena.

Hapo ndipo matembezi yalipoanza kuwa na uzito wa kisiasa, na hapo pia ndipo waasisi walipofarakana, kwa kuwa Aickman alitaka kila kilomita iokolewe, hali Rolt aliona kwamba nguvu kidogo zilizopo zielekezwe kwenye njia zinazoweza kuponywa na kwa watu wa mashua waliokuwa bado wakiishi kwa mizigo. Rolt aliondolewa katika chama mwaka 1951. Wakati huo mifereji mingi ilikuwa imetaifishwa tangu 1948, na serikali, iliyoirithi pamoja na reli, iliishughulikia kama mtu anavyoshughulikia shamba la marehemu lililo mbali. Barafu ya majira ya baridi ya 1962 na 1963, iliyozifunga mashua mahali zilipo kuanzia mwishoni mwa Desemba hadi Machi, iliwapeleka wateja wa mwisho kwenye malori, na mamlaka ya serikali iliyosimamia mifereji ikaachana na sehemu kubwa ya usafirishaji wake wa mashua nyembamba. Safari ya mwisho ya kudumu ya masafa marefu, ya makaa ya mawe hadi kiwanda cha jemu huko Southall, magharibi ya London, ilikoma mwezi Oktoba 1970. Miaka miwili kabla ya hapo, sheria ya usafiri ya mwaka 1968 ilikuwa imeigawa mifereji kwa madaraja, na kwa mara ya kwanza kundi kubwa la njia likatambuliwa rasmi kuwa la matembezi, na mamlaka ikawajibishwa kuziweka katika hali ya kupitika.

Zile ambazo hazikuingia katika kundi hilo ziliokolewa kwa mikono. Sehemu ya kusini ya mfereji wa Stratford ilifunguliwa upya mwaka 1964 baada ya kufanyiwa kazi na watu wa kujitolea, askari na wafungwa. Mfereji wa Kennet na Avon, wenye ngazi ya loki 29 karibu na Devizes, ulifunguliwa mwaka 1990. Ule mwembamba wa Huddersfield, unaopita chini ya milima kwa handaki la kilomita 5 huko Standedge, mwaka 2001. Udogo wa mifereji hii ndio uliowezesha jambo hilo. Mlango wa loki nyembamba unaweza kutengenezwa na mafundi wachache na kuwekwa kwa winchi, na tope la mfereji wa futi kadhaa laweza kuzolewa mwishoni mwa juma na walimu, makarani na wanafunzi wenye mabuti ya mpira; kama ungekuwa umepanuliwa hadi kipimo cha Kifaransa, ungehitaji mitambo na bajeti ya taifa, au ungekuwa umezungushiwa zege na maghala kiasi kwamba hakuna ambaye angetaka kuutembelea.

Kalenda yenyewe ilipinduka. Zama za mizigo, baadhi ya kampuni zilikuwa na desturi ya kufunga njia kwa ukarabati kwenye sikukuu ya Pentekoste, mwishoni mwa machipuko, wakati viwanda vimepumzika na siku ni ndefu, kwa maana kulifunga jiko la London wakati wa baridi kusingevumilika. Sasa kazi hizo hufanywa kuanzia Novemba: loki hukaushwa, milango ya mti wa mwaloni hubadilishwa, matofali hutiwa saruji mpya, na njia hurudishiwa maji kabla ya Pasaka, ambapo kampuni za kukodisha hutoa mashua zake na familia za mjini hujifunza upya kushika usukani wa kitu kinachogeuka upande wa pili wa mkono. Machipuko yana faida nyingine ambayo Brindley angeielewa mara moja, nayo ni kwamba mabwawa yamejaa mvua ya baridi. Ukame wa Agosti ukija, loki za kileleni huwekewa saa, na nyakati nyingine hufungwa kabisa.

Tangu mwaka 2012 kilomita 3,200 hivi za njia hizi nchini Uingereza na Wales ziko chini ya shirika la hisani, na mashua zilizosajiliwa humo ni nyingi kuliko zilizokuwapo enzi za makaa ya mawe. Si zote za watalii. Kodi za nyumba zilivyopanda, hasa London, watu wengi wamehamia mashuani kuishi, safari hii wakiwa na kompyuta na paneli za sola badala ya farasi, na wasio na gegesho la kudumu wanabanwa na sheria ya mwaka 1995 inayowataka wasikae mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo. Sheria hiyo haikutaja umbali ambao mashua inapaswa kusogea ili ihesabiwe kuwa imehama, na mabishano kuhusu umbali huo yameshafika mahakamani zaidi ya mara moja.